Petroli Si Maji

Sijui alizaliwa mwaka gani wala ukoo wake ulianzia wapi, na sikuwahi kuuliza. Alitoka kusini, kwenye joto, akapangiwa kufundisha fizikia huku kwetu Mbulu, na kwa miaka yote niliyomfahamu sikumwona bila koti. Lilikuwa koti la kijivu, zito, mifuko yake imevutwa chini na vitu alivyobeba. Asubuhi alifunga vifungo vyote hadi kidevuni. Jua likiwa utosini alifungua kimoja. Wakulima wa kwetu, waliozoea kulima na baridi tangu utotoni, walimwonea huruma kwanza, halafu wakamzoea, na mwishoni walianza kutabiri hali ya hewa kwa kuangalia vifungo vyake.

Tulimwita Mwalimu, basi. Walimu wengine walikuwapo, na wengine walikuwa na majina makubwa kuliko yeye, lakini mtu akisema "nimemwona Mwalimu mnadani" hakuna aliyeuliza ni yupi.

Yeye naye majina yalimshinda. Alifundisha kidato kizima mwaka mzima akituita kwa mahali tulipokaa: wewe wa mlangoni, wewe wa nguzo, nyie mapacha wa ubao, ingawa hao hawakuwa hata ndugu. Mimi nilikuwa wa dirishani. Nilipofika kidato cha nne nikahamia dawati la katikati, na bado nilikuwa wa dirishani. Kuna wanafunzi walioumia kwa jambo hili, wakadhani anawadharau. Mimi nilipenda. Niliona kwamba mtu aliyesahau jina langu hakusahau hata siku moja kwamba darasani nilikuwapo.

Katika mfuko wa kulia wa koti mlikuwa na mizani ndogo ya springi, ile yenye kulabu chini. Aliipeleka kila mahali. Mnadani alimwomba mwenye kuku amruhusu amtundike kuku wake dakika moja tu, na kuku akatundikwa huku akilalamika, Mwalimu akasoma namba, akashukuru, akaondoka bila kununua. Jikoni kwa mkewe kitunguu hakikuingia sufuriani kabla hakijapimwa. Mkewe, mama mpole mwenye ulimi mkali, aliwahi kumwambia mama yangu, "Huyu nikifa atanipima kwanza ndipo alie." Mama akacheka mpaka akakaa chini. Hawakujaliwa mtoto, Mwalimu na mkewe, na sikuwahi kumsikia hata mmoja wao akilizungumzia.

Mizani hiyo ilikuwa na sababu. Mwalimu hakuamini mkono. Kila mwaka alipofika kwenye mada ya densiti alipanga mezani chupa tatu zilizolingana. Moja aliijaza maji ya mtungi wa shule, ya pili asali aliyoletewa na mzazi mmoja wa kijiji cha Masieda, ya tatu petroli. Alituita mmoja mmoja, tukafumba macho, tukanyanyua, tukasema ipi nzito. Darasa letu karibu lote tulisema petroli. Ilikuwa inanuka ukali, ilitoka mbali kwa lori, ilikuwa inaendesha mabasi; ingekuwaje nyepesi? Akazitundika kwenye mizani mbele ya macho yetu. Asali ndiyo iliyovuta springi chini kabisa, maji yakafuata, na petroli ikabaki juu kwa aibu.

"Mkono unasema unachotaka kusikia," akatuambia. "Petroli si maji. Andikeni."

Tukaandika. Tuliiandika sentensi hiyo mara nyingi sana, maana ndiyo iliyofungua hesabu yake moja aliyoipenda kuliko zote, na ambayo sisi tuliichukia kwa moyo mmoja. Injini inakula kilo kadhaa za petroli kwa saa. Je, ni lita ngapi kwa saa? Alibadilisha injini tu. Leo ni jenereta, kesho pampu ya maji, keshokutwa pikipiki. Mtihani wa mwisho haukuwa unaiuliza. Vitabu vyetu viliigusa kwa mstari mmoja na kupita. Mwalimu aliikalia wiki nzima.

"Injini haijui lita," alikuwa anasema, akitembea kati ya madawati na harufu yake ya chaki na petroli. "Injini inakula uzito. Lita ni lugha ya muuzaji. Anayeandika kitabu cha injini anakuandikia kilo, muuzaji anakupimia lita, na wewe uko katikati yao umesimama na galoni. Utafanya nini?"

"Tutagawa kwa densiti, Mwalimu."

"Lita moja ya petroli ina uzito gani?"

"Kama robo tatu ya kilo, Mwalimu."

"Kwa hiyo lita zitakuwa nyingi kuliko kilo, au chache?"

"Nyingi, Mwalimu."

"Ukipata chache?"

"Tumekosea. Turudi mwanzo."

Siku moja yule wa nguzo, aliyekuwa na mdomo kuliko sisi sote, alisimama akauliza kwa adabu kamili kama Mwalimu anatuandaa tuwe wauza petroli. Darasa lilikufa kwa kicheko. Mwalimu hakukasirika. Alifikiri, kama kawaida yake, akiwa ameshika kifungo cha juu cha koti.

"Siku mmoja wenu atakapoihitaji hesabu hii nje ya darasa, kwa jambo la kweli," akasema, "aje aniambie. Nitakuwa nipo."

Nilidhani ni maneno ya kufungia kipindi. Baadaye niligundua kwamba aliliambia kila darasa, kabla yetu na baada yetu, na kwamba alikuwa anangoja kweli. Nilipokuwa chuo cha uuguzi nilimtembelea likizo nikamuuliza kwa utani kama kuna aliyekuja. "Bado," akasema. Nilipoajiriwa nikapita tena. "Bado." Hapo hakutabasamu. Akaniuliza kama shamba la mama limepata mvua. Nilitoka pale nikimwonea huruma. Mtu ametumia miaka yake bora kutuambia jambo moja, na hajui kama kuna sikio hata moja lililolibeba nje ya geti la shule.

Msidhani alikuwa mtu wa hesabu zisizokosea. Aliipenda hesabu hiyo kwa sababu ilimwangusha mbele za watu.

Ilikuwa miaka ile vitu vya nje vilipoanza kuingia kwa wingi, madukani kukaonekana redio na baiskeli za kila rangi, na shule yetu nayo ikapata jenereta ya petroli. Kabla ya hapo petroli ilikuwa jambo la kibali na foleni. Sasa mtu yeyote mwenye pipa na mpira wa kunyonyea aliweza kuiuza karibu na stendi. Yakaja mahafali. Mgeni rasmi alitoka mkoani, wakati huo mkoa wetu ukiwa bado Arusha, na kwa mara ya kwanza shuleni palikuwa na kipaza sauti. Mwalimu alikabidhiwa jenereta. Alisoma kitabu chake, akakuta matumizi kwa kilo, akapiga hesabu, akajaza petroli kwa kipimo, na akamhakikishia mkuu wa shule kwamba itatosha na kubaki.

Mgeni rasmi alikuwa amefika kwenye sehemu tamu ya hotuba, anataka kuahidi kitu, na wazazi wameinamisha vichwa mbele wasikie ni kitu gani. Jenereta ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Midomo ya mgeni rasmi iliendelea kucheza bila sauti. Hakuna aliyejua ameahidi nini, na yeye mwenyewe, alipoletewa maji ya kunywa na kuketi, inaonekana alisahau, kwa sababu hatukuwahi kukiona.

Mtu mwingine angeisingizia plagi. Mwalimu alisimama, akatembea hadi mbele na koti lake, na kwa sauti ya kawaida, isiyofika hata safu ya tatu, akasema, "Kosa ni langu. Nilizidisha badala ya kugawanya." Safu ya tatu ikauliza ya pili amesema nini, ya nne ikauliza ya tatu, na neno likasafiri mpaka kwa akina mama waliokaa nyuma kwenye nyasi. Likawa msemo mjini kwetu. Mtu akichemsha chai bila majani, amezidisha badala ya kugawanya. Ng'ombe akiingia shamba la jirani, mwenyewe kazidisha badala ya kugawanya. Mwalimu aliyasikia yote na hakuona haya. Mwaka uliofuata alianza mada ya densiti kwa kusimulia mwenyewe jinsi alivyomnyamazisha mgeni rasmi.

Tangu siku hiyo petroli ikawa kama ugonjwa wake mtamu. Alinunua ya pikipiki yake alfajiri tu, kwa muuzaji mmoja ambaye pipa lake lililala nje. Mbulu asubuhi ni baridi ya kuuma meno. Mwalimu alisimama pale akitetemeka ndani ya koti, yeye wa joto, akingoja muuzaji aamke.

"Mwalimu, kwa nini usije saa nne kama watu?" muuzaji alimuuliza. "Lita ni lita."

"Lita ya sasa hivi imejibana kwa baridi," akajibu. "Ya mchana imevimba. Unanipa lita ileile, lakini ndani mna petroli pungufu."

Muuzaji alilitazama pipa lake kwa mashaka, kana kwamba lilikuwa linamficha jambo. Faida yenyewe ilikuwa ndogo, pengine kijiko, na Mwalimu alilijua hilo. Nilimsikia akikiri kwa mkewe. Lakini aliendelea kwenda alfajiri.

Na hapa ndipo nilipokuwa simwelewi. Mtu huyu aliyehesabu hadi kijiko alikutwa mara kwa mara akisukuma pikipiki kwenye mpando wa Endagikot, tangi kavu. Sababu ilikuwa moja: aliigawa. Mtu akimsimamisha njiani ameishiwa, Mwalimu alitoa mpira kwenye mfuko wa kushoto, akanyonya, akatema, akamtolea. Hakupima. Hapo mizani ilikaa mfukoni kimya. Mama yangu alimkuta siku moja anasukuma huku anahema, akamuuliza kama mashine imeharibika. "Hapana," akasema. "Nimegawanya." Mama alitusimulia jioni ile huku anakamua ng'ombe, na hakucheka. Kesho yake akampelekea maziwa, na akaendelea kumpelekea.

Mwezi wa Ramadhani ni yeye na mkewe tu waliofunga katika mtaa wa Wakristo. Jua likikaribia kuzama utaona watoto wa majirani wanatoka, huyu na uji, huyu na viazi vitamu vilivyofunikwa kwa kitambaa. Hakuna aliyepanga zamu, na sikumbuki siku aliyokosa. Krismasi yeye alipita nyumba hadi nyumba na koti lake, akala kila alipopewa, maana kukataa hakukujua. Alistaafu, na wote tulingoja afunge mizigo arudi kwenye joto. Akanunua kiwanja Endagikot. Mkoa mpya wa Manyara ulipotangazwa na ofisi zikahamia Babati, alitania kwamba amehamishwa mkoa mara ya pili, safari hii bila hata kubeba godoro.

Mimi wakati huo nilikuwa kituo cha afya kimoja kijijini, mbali na mji, upande ambao ukifungua mlango asubuhi unauona mlima Hanang kama hauna mawingu. Umeme wa gridi haukuwa umefika. Tulikuwa na sola ya taa, na jenereta ndogo ya petroli kwa ajili ya mashine ya oksijeni tuliyopewa msaada.

Masika moja akaletwa mtoto mchanga, wa kiume, mwenye nimonia. Mbavu zinaingia ndani kwa kila pumzi, midomo imebadilika rangi. Tukawasha jenereta, tukamwekea oksijeni, rangi ikaanza kurudi. Tulijua akikatiwa hewa ile hatavuka. Kwenye simu ya upepo hospitali ya wilaya ikatuambia gari linakuja na mtungi wa oksijeni, lakini barabara imekatika kwa mvua, litazunguka. Tulitegemee saa kumi na moja jioni. Ilikuwa saa nne asubuhi. Petroli tuliyokuwa nayo ilikuwa lita tano.

Daktari wetu, kijana mwema niliyempenda kufanya naye kazi, alifungua kitabu cha jenereta. "Gramu mia sita kwa saa," akasema. "Lita tano. Inatupa zaidi ya masaa nane. Mpaka jioni kabisa. Tumepona, nesi."

Ilikuwa hesabu ambayo mtu yeyote wa wodini angeifanya. Sisi kila siku tunashika dripu; lita ya dripu ni kilo, mililita ni gramu, wala hatufikirii. Nami nilikuwa nimeshaanza kupumua. Ndipo nikasikia mdomo wangu unasema, "Petroli si maji, daktari."

Akanitazama. Nikachukua kalamu, nikaandika kwenye kiganja, kwa sababu karatasi ilikuwa mbali. Gramu mia sita, gawa kwa robo tatu. Sifuri nukta nane. Lita zimezidi kilo, vizuri, sijakosea. Lita tano, gawa kwa sifuri nukta nane. Masaa sita na kidogo. Yaani saa kumi jioni, na gari bado liko njiani.

"Una uhakika?" daktari aliuliza.

"Nina uhakika."

Hakubishana, na ninamheshimu kwa hilo hadi leo. Tukamwita baba wa mtoto. Alikuwa amesimama nje kwenye mvua, hataki kuingia, hataki kuondoka.

"Baba, hii petroli haitufikishi," nikamwambia. "Kule njia panda kuna duka lenye pipa. Utaweza kwenda?"

"Naweza, nesi. Lakini nikirudi nitamkuta?"

"Ukiondoka sasa hivi utamkuta."

Akachukua galoni akaenda kwa miguu, kwa sababu kwenye tope lile baiskeli ingemchelewesha. Alirudi alasiri, amelowa hadi kichwani, galoni ameikumbatia kifuani. Saa kumi ilipopita kidogo jenereta ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Nilikuwa nimesimama pembeni yake na faneli mkononi. Tulimimina, tukavuta kamba, ikawaka, na mama wa mtoto, aliyeanza kunyanyuka kitandani, akakaa tena. Gari lilichelewa. Lilifika jua linazama, na mtoto alikuwa anapumua.

Nilipata likizo baada ya mavuno. Yule mama alikuwa na shangazi Mbulu mjini, tukapanda basi moja, mtoto mgongoni mwake, akiwa sasa mzito wa kumwinamisha. Nikamwomba tupitie Endagikot kwanza. Nilimwambia kuna mtu anangoja habari. Tuliposhuka alisimama kidogo kwa jirani wa Mwalimu kumbadilisha mtoto nguo, nami nikatangulia.

Mwalimu alikuwa amekaa mlangoni kwake anachambua maharage, koti limefungwa vifungo vyote. Alikuwa amekonda, na shingo ilicheza ndani ya kola. Mizani ilitundikwa kwenye msumari kando ya mlango.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akanitazama kwa muda. "Wewe wa dirishani."

"Ndiye mimi. Nimekuja kukuambia."

Hakuuliza kumwambia nini. Aliweka ungo chini. Nikamsimulia yote, kitabu cha jenereta, lita tano, gari lililozunguka. Alisikiliza kama anayesahihisha, kichwa upande, na mkewe akatoka jikoni akasimama nyuma yake.

"Ulizidisha au uligawanya?" akauliza.

"Niligawanya, Mwalimu."

"Lita zilikuwa nyingi kuliko kilo?"

"Zilikuwa nyingi."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Kisha akageuza uso kuelekea shambani, na mkewe akamwekea mkono begani.

"Na mtoto?" akauliza, bado ametazama shambani.

Yule mama alikuwa anaingia uani. Alipiga goti akamsalimia, akamfungua mtoto mgongoni, akampa. Mwalimu alifungua vifungo, akampokea kwa mikono miwili, akamweka ndani ya koti. Mtoto akakishika kifungo cha juu.

Mimi ni nesi. Mtoto akiwa mbele yangu mkono unatafuta mizani wenyewe. Nikanyanyuka, nikaitoa kwenye msumari, nikamwomba mkewe khanga ya kumtundikia. "Mwalimu, tumpime?" nikauliza. "Uone mwenyewe alivyoongezeka."

"Irudishe," akasema. Alimpandisha mtoto kidogo, akamshusha, akampandisha tena, amefumba macho. "Najua mkono unasema unachotaka kusikia. Leo niache nisikie."